Habari za Elisabeti na Ushuhuda wa Wangari Maathai

Katika ibada zetu mwanamke husimama kushuhudia akiwa amepona ugonjwa, amepata mtoto baada ya kungoja miaka mingi, au mume wake ameacha pombe. Tunapiga makofi na kusema Amina. Akisimama mwingine akasema amehitimu chuo kikuu, au biashara yake sasa inaajiri watu sita, Amina hupungua. Kuna watakaonong'ona kwamba anajionyesha. Mwaka unaofuata hukaa kimya, na msichana wa kwaya aliyekuwa akimsikiliza kwa makini hapati tena wa kumwuliza njia.

Tufungue Luka sura ya 1. Elisabeti alipopata mimba alijificha miezi mitano (aya ya 24). Labda alijua maneno ya watu. Malaika alipomjia Mariamu alimpa ahadi kubwa mno, lakini jambo ambalo binti yule angeweza kwenda kulithibitisha kwa macho yake lilikuwa moja: jamaa yake aliyeitwa tasa yuko mwezi wa sita (aya ya 36). Baada ya habari hiyo ndipo Mariamu anakubali, kisha anafunga safari kwa haraka kwenda milimani. Yale Elisabeti aliyoyafunika, mbingu iliyafunua kwa mwanamke mdogo aliyeyahitaji. Mtu atasema ile ilikuwa neema, si mafanikio ya kujitafutia. Sawa, lakini nionyesheni shahada iliyopatikana bila neema.

Kwa macho hayo nimekisoma kitabu cha maisha cha Wangari Maathai, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hafichi alichokipata. Anasema wazi kwamba mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Ila kabla hujafika kwenye shahada hiyo umeshakutana na kaka yake Nderitu, aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wengine. Na mama, ambaye hakuona sababu ya kumzuia. Na watawa wa Loreto, Limuru. Na masista Wabenedikto wa Atchison, Kansas, waliompokea mwaka 1960. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya ushuhuda na majivuno. Mwenye majivuno hukuonyesha paa la nyumba. Wangari anakuonyesha ngazi, na walioishika asianguke.

Anataja pia gharama. Talaka ya 1979 imo, na siku alizokaa gerezani kwa kumkosoa hakimu wa kesi hiyo zimo. Imo pia hadithi ya 1982, alipoacha kazi ya chuo kikuu agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na kazi asirudishiwe. Binti anayesoma kurasa hizo hadanganywi kwamba njia ni tambarare. Shuhuda zetu nyingi huruka sehemu hii. Tunatoka shidani hadi ushindi kwa sentensi moja, na anayesikiliza, ambaye bado yuko katikati, hujiona amelaaniwa.

Sura ninazozipenda zaidi ni za vitalu vya miche. Kazi ilianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wataalamu wa misitu walidhani kuotesha miti kunahitaji vyeti. Akina mama wakulima waliotesha kwa ujuzi waliokuwa nao wa kupanda maharage na mahindi, wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, kisha waliofaulu wakawaonyesha wenzao wa jirani. Nadhani jambo hili lilieneza miti kuliko semina yoyote: mama amemwona mama mwenzake, mwenye jembe kama lake, ameweza.

Lakini hapa pia nina neno juu ya kitabu. Wanawake hao wanaonekana mno kama vikundi na kidogo mno kama watu. Tunamjua Nderitu kwa jina. Wengi wa waliopanda miti hatuwajui. Ni hivyo hivyo kwa akina mama wa wafungwa wa kisiasa, ambao mwaka 1992 walifunga kula katika Uhuru Park wakidai wana wao, wakapigwa na polisi, kisha wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Walikaa humo karibu mwaka mzima, hadi wana wao karibu wote walipoachiliwa. Wangari alikuwa pamoja nao na anasimulia vizuri. Mimi ningependa kumsikia mmoja wao akisimulia mwenyewe: alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimletea uji, alimwambia nini jirani yake aliyetaka kurudi nyumbani.