Kuanzia Siku ya 13

Ripoti ilikuwa na kila kitu isipokuwa tarehe. Namba za usajili wa watoto zipo, aina ya chanjo ipo, kijiji kipo. Kolamu ya tarehe nyeupe mstari baada ya mstari, mara zinajitokeza tatu au nne, kisha weupe tena. Mwingine angeanza kuzijaza kwa mkono. Dada anayeshughulikia takwimu katika ofisi moja hapa Nduguti, makao makuu ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, aliifunga ripoti kwanza.

Ripoti kwake ni shahidi wa kusikia tu. Aliyeona ni kanzidata. Akatoa nakala yake nzima, akaihifadhi kwenye flashi, ndipo akafungua jedwali kwenye nakala ya pili. Ile ya asili hakuigusa tena.

Humo tarehe zilikuwepo, zimetulia. Swali lake la kwanza lilikuwa aina ya kolamu: ni tarehe, au ni maandishi? Ilikuwa maandishi. Sisi tukiona 14/07/2023 tunaona siku. Mashine inaona alama kumi zilizofuatana. Akaiamuru izihesabu kila mstari. Nyingi zilikuwa kumi. Nyingine kumi na moja, maana mwishoni kulibaki nafasi iliyobonyezwa na kidole chenye haraka, ambayo jicho haliwezi kuiona. Chache zilikuwa na tarakimu tano tu, na hizo alizitambua mara moja: Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, kwa hiyo 45000 ni Machi 15, 2023. Zilizokuwa tupu kweli, zisizo na alama yoyote, akazitenga.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nisogeze kiti. Alichukua tarehe zote ambazo ripoti ilishindwa kuzionyesha, akazipanga kwa siku ya mwezi, akaanza kushuka nazo taratibu. 13. 13. 14. 15. Hadi 31. Ukiacha zile zenye nafasi ya ziada na zile za tarakimu tano, hapakuwa na hata moja ya siku ya 12 kushuka chini.

Kwetu siku hutangulia mwezi. Programu ya ripoti ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele. Ikikutana na 14/07 inatafuta mwezi wa kumi na nne, inaukosa, inaacha pengo. Ila 03/07 inaipokea bila swali na kuifanya Machi 7. Akapiga hesabu pembeni ya daftari: katika siku 365 za mwaka, 221 zitaonekana tupu, 144 zitaonekana, na kati ya hizo ni 12 tu zilizo sahihi, zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 5/5. Zinabaki 132 zinazoonekana safi kabisa na zote ni uongo. Kuanzia hapo aliacha kuangalia mapengo. Akawa anazikagua zile zinazoonekana.

Kipimo chake kilikuwa ratiba ya chanjo yenyewe. Chanjo ya penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Alimchagua mtoto mmoja: kwenye ripoti tarehe ya kuzaliwa haipo, penta ya kwanza Oktoba 5, ya pili Julai 6, ya tatu Mei 7. Chanjo zinarudi nyuma! Akasoma maandishi ya asili kwa mpangilio wetu: kuzaliwa 29/03/2023, kisha 10/05, 07/06, 05/07. Wiki sita kamili, halafu nne, halafu nne. Alitikisa kichwa kidogo, akaenda kwa mtoto wa pili.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Aliongeza kolamu mpya pembeni, ya aina ya tarehe, ile ya zamani akaiacha ilivyo. Amri yake iliondoa nafasi za ziada, ikasoma siku, mwezi, mwaka, ikaandika 2023-07-14, mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601 usioacha nafasi ya kubishana kipi ni mwezi. Zile za tarakimu tano zilipata amri yao. Alijaribu mistari kumi, akailinganisha na maandishi ya asili mmoja mmoja, ndipo akaruhusu yote.

Mmoja ulikataa: 31/06/2023. Juni haina siku 31. Programu nyingine zingeusogeza hadi Julai 1 kimyakimya. Yake ilisimama, kama alivyotaka. Akafungua kitabu cha MTUHA, rejista ya huduma za afya, kilicholetwa kwa bodaboda kutoka zahanati, akaufuata ukurasa kwa rula. Mstari wa juu 21/06, wa chini 21/06, na katikati 2 yenye mkia uliokatika. Akasahihisha, akaandika sababu kwenye daftari.

Mitatu iliyokuwa tupu hata kitabuni hakuikisia. Ripoti ikachapishwa na mapengo matatu, na kila moja lilikuwa na namba yake daftarini alipochukua simu kumpigia muuguzi wa zahanati. “Sista, habari za kazi? Kuna watoto watatu nakutumia namba zao. Mama zao wakija kliniki, naomba unisomee tarehe kwenye kadi.”