Mkuki Mkononi mwa Mwanamke: Uhakiki wa Suala la Kumchora Theresia Dismas katika Wasifu wa Picha kwa Watoto

Katika kitabu cha picha cha watoto, maneno na michoro hugawana kazi ya kusimulia. Barthes (1964), katika mjadala wake kuhusu semiotiki ya picha, anaeleza kuwa neno huitia picha nanga: huteua maana moja miongoni mwa nyingi ambazo picha inaweza kubeba. Uhakiki huu unashikilia kwamba katika wasifu wa Theresia Dismas uhusiano huo hugeuka. Hapa picha ndiyo inayopaswa kulitia neno nanga.

Neno lenyewe ni mkuki. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Dismas aliipatia Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki. Kiswahili hakitofautishi mkuki wa uwanjani na ule wa mchungaji. Kwa mtoto wa Dodoma aliyekulia miongoni mwa wafugaji, neno hilo huibua kwanza taswira ya mwanamume anayelinda mifugo. Mchoraji asipokuwa makini, mwanariadha ataonekana ameazima silaha ya kaka yake. Kinachopotea hapo ni ujuzi wake: mbio za kuchukua kasi, miguu inayopishana, mguu wa mbele unaokita ardhini na mkono unaobaki nyuma ya bega kabla ya kuachia.

Kazi ya kulinganishwa nayo ni *Wilma Unlimited* (1996), iliyoandikwa na Kathleen Krull na kuchorwa na David Diaz. Inamhusu Wilma Rudolph, Mmarekani aliyeugua polio utotoni na kushinda medali tatu za dhahabu Roma mwaka 1960. Ubora wake ni kuupa mwili historia kabla ya ushindi. Medali inapofika, msomaji anajua imegharimu nini. Hata hivyo, mkondo wa maradhi kisha ushindi haufai kunakiliwa kwa kila mwanamke. Kumbunia Dismas mateso ili hadithi inoge ni kukiuka ukweli ambao wasifu humwahidi msomaji.

Mchoraji wa nyanda za kati ana hazina iliyo karibu zaidi. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina maumbo ya watu warefu, wembamba, yaliyochorwa kwa rangi nyekundu. Katika maumbo hayo, mkao wa mwili husema zaidi kuliko uso. Kwa mbinu hiyo, mrushaji anaweza kurudiwa mara tano katika kurasa mbili zinazotazamana, kila umbo likiwa hatua moja ya mrusho. Lakini kinachoazimwa kiwe mstari, si mandhari. Kuizungushia Brazzaville mibuyu na majabali ya Dodoma kungempendeza msomaji wa hapa, ila kungempotosha.

Hivyo, kigezo cha kuihakiki michoro ya wasifu huu ni kimoja: maandishi yakifunikwa, je, picha peke yake inaonyesha mwanamke anayefanya kazi anayoimudu? Jukwaa la medali linatosha ukurasa mmoja, tena wa mwisho. Kurasa zinazolitangulia ziachiwe mrusho, ili msichana wa Dodoma anapolisikia tena neno mkuki, asimwone mchungaji peke yake.