Mjukuu wa Kubuni: Visa Vifupi katika Maisha ya Tippu Tip

Wahakiki wengi wameisoma tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kama hati ya historia tu. Mwandishi huyo alikuwa na mikono mingi: mfanyabiashara wa pembe, mpiganaji, mtawala wa Kasongo na, tangu mwaka 1887, liwali wa Stanley Falls. Aliandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akaichapisha kazi hiyo kwa hati za Kilatini mjini Berlin, 1902-1903. Maoni yetu ni kwamba Maisha ni mkusanyo wa visa vifupi, na kwamba ufundi wa visa hivyo ndio unaotaka kuhojiwa.

Tuchukue kisa cha Utetera. Msimulizi anapata habari kuwa dada wawili wa mtawala mzee, Kasongo Rushie (huyu ni mtu, si mji), walitekwa zamani wakapelekwa Urua. Anajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee anasadiki, anamwachia utawala, na pembe zinaletwa.

Kifani, kisa kimefaulu. Sentensi ni fupi, majibizano ni ya haraka, na kila tukio linaishia katika hesabu ya pembe. Msomaji huijua habari kabla haijatumiwa. Kwa hiyo anaiona hila ambayo mzee haioni, na hucheka pamoja na mwenye hila.

Kimaudhui, hapo ndipo penye kasoro. Dada wale ndio chimbuko la kisa chote, lakini hawatamki neno. Hali ni hiyo hiyo kwa wapagazi na mateka waliopita njia ya Kasongo na Kabambare kuelekea Ziwa Tanganyika: wamo katika safari, hawamo katika usimulizi.

Hatusemi kitabu kitupwe. Wakusu na Wabangubangu wa Maniema ya kusini leo husema Kiswahili kilichofika kwao kwa misafara hiyo hiyo, na masimulizi ya wazee wao yanastahili kuwekwa kando ya Maisha katika mihadhara yetu. Mwanafunzi asomaye kisa cha Utetera na ajiulize: mjukuu wa kweli wa dada wale angekisimulia vipi?