Jiwe Kwenye Kamba

Mwalimu wetu wa zamani wa fizikia, mstaafu sasa, bado huwapokea vijana wa mtaa barazani kwake. Juzi nilimkuta na binti wa kidato cha tano na swali la jiwe linalozungushwa wima kwa kamba. Binti alishaandika fomula mbili. Mzee akazifuta, akachora duara, akauliza: "Jiwe linavutwa na nani?"

Kamba na dunia, basi. Mishale miwili: mkazo wa kamba ukielekea kitovuni, uzito ukielekea chini. Mshale wa kulisukuma jiwe nje haupo, na anayeuchora ndipo anapopotea. Kamba ikikatika, jiwe hushika mstari ulionyooka unaoligusa duara palepale lilipoachiwa. Warusha kombeo walilijua hilo kabla Huygens hajachapisha kanuni zake mwaka 1673, na Newton alilitaja jiwe la kombeo katika Principia ya 1687.

Mzee hakuwa na haraka. Kamba mita 0.8, jiwe kilo 0.5. Alianzia juu kabisa, ambako mkazo na uzito vyote huvuta chini. "Likienda polepole mno, litashindwa wapi?" Binti akawaza, kisha akasema hapohapo juu, kamba ikilegea. Basi mkazo ukawa sifuri, uzito ukabaki peke yake kulipinda jiwe, na kasi ikapatikana: mita 2.8 kwa sekunde. Chini ya hapo duara halikamiliki. Kutoka juu akateremka hadi chini kwa hesabu ya nishati, bila kuingiza namba. Alipotoa mkazo wa juu katika mkazo wa chini, urefu wa kamba ukajifuta, kasi ikajifuta, ikabaki mara sita ya uzito wa jiwe. Kwa jiwe lile ni nyutoni 29.4. Kamba iwe fupi au ndefu, jiwe lipite mbio au kwa shida, maadamu linamaliza duara bila kuongezewa nguvu njiani, tofauti ni ileile. Binti alinyamaza, akaipitia hesabu tena mstari kwa mstari. Anayekimbilia namba haufikii uzuri huo.

Darasani enzi zile mzee alichora duara kwa chaki iliyofungwa uzi, kidole gumba kikibana kitovu. Tuliona kwa macho uzi ukikaza na chaki ikipinda njia. Mchoro wenyewe ulikuwa somo.

Leo swali hilohilo huuzwa likiwa limejibiwa tayari, na simu hulijibu kabla mtoto hajashika kalamu. Akipewa duara la kulala badala ya la kusimama, anakwama. Simlaumu. Sisi ndio tuliompa jibu tukamnyima njia ya kulifikia, na walioijua njia hiyo wanastaafu mmoja mmoja bila kuulizwa.

Walimu wenzangu, nawaomba: jibu lisilo na mchoro msilipe alama zote, hata likiwa sahihi.