Misemo ya Kiingereza na Adabu Yake

Waalimu wengi, nami mmoja wao huku Singida, tumezoea kuwakaririsha wanafunzi orodha za misemo ya Kiingereza: upande huu msemo, upande huu maana. Njia hiyo ina upungufu. Waingereza husema mtu "ameipiga ndoo teke," na orodha yaeleza, "amekufa." Maana ni sahihi, lakini msemo ni wa mzaha. Mwanafunzi wangu aliuandika katika barua ya rambirambi kwa mgeni aliyefiwa na mamaye. Kosa lilikuwa langu. Sisi nasi twasema "amekata kamba," wala hatumwambii hivyo mfiwa, kwake twasema "amefariki." Basi kila msemo ufundishwe pamoja na mahali pake: nani humwambia nani, na wakati gani.