Mizani ya Kuteua Albamu za Muongo Huu

Kuteua albamu ambazo mtu anazipenda kuliko nyingine zote katika muongo fulani ni kazi ya upimaji, na thamani ya matokeo yake hutegemea kipimo kilichoandaliwa kabla ya muziki wenyewe kuanza kusikilizwa. Orodha nyingi za namna hii huwapa wasomaji majina na namba, lakini hazisemi muongo umehesabiwa kuanzia lini, ni kitu gani kilichokubaliwa kuwa albamu, wala mapenzi ya mteuzi yamepimwa kwa njia gani. Msomaji asiyeelezwa mambo hayo hawezi kuikubali orodha wala kuipinga kwa hoja, kwa kuwa amewekewa hukumu mbele yake bila ushahidi uliotumika kuifikia. Uchambuzi huu unafuata hatua za uteuzi kwa kutumia kazi chache za wanamuziki wa Kenya na Tanzania zilizotoka kati ya 2020 na 2024.

Suala la mipaka ya muda ni jepesi, ila lazima liamuliwe wazi. Kalenda inayotumika haina mwaka sifuri, hivyo kwa hesabu kali muongo huu ulianza Januari 2021, ilhali kwa desturi ya watu wengi miaka ya 2020 huanza na 2020 yenyewe. Uamuzi huo hubadilisha orodha nzima, kwani anayefuata hesabu kali huipoteza *Midnight Train* ya kundi la Sauti Sol, iliyotoka Juni 2020, na *I Am Zuchu* ya mwimbaji Zuchu wa Tanzania, iliyotoka Aprili mwaka huohuo. Desturi ndiyo inayofuatwa hapa, kwa sababu wasikilizaji hukumbuka muziki kwa majina ya miaka na hawaukumbuki kwa kanuni za wanakalenda.

Suala la pili ni zito zaidi, nalo ni maana ya albamu. Kwa kifupi, albamu ni mkusanyiko wa nyimbo uliokusudiwa kutolewa na kusikilizwa kama kazi moja yenye mpangilio wake, lakini ukubwa wa mkusanyiko huo umekuwa ukiamuliwa na chombo kinachoubeba. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948, ilibeba takriban dakika 22 kila upande, na kanda ya dakika 60, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyofikisha muziki wa dansi, taarabu na Bongo Fleva katika nyumba za Waswahili, ilibeba dakika 30 upande A na 30 upande B. Msanii alilazimika kufikiria wimbo wa kufungua kila upande na wimbo wa kuufunga, na mpangilio huo ulikuwa sehemu ya utunzi. Faili za kidijitali zimeondoa ukomo huo, na mahali pake pamekaa kanuni za majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, ambayo kwa kawaida huiita kazi albamu ikiwa na nyimbo saba au zaidi, au ikizidi dakika 30, na huiita EP, yaani toleo fupi kuliko albamu, ikiwa na nyimbo nne hadi sita zisizofika dakika hizo. Waandaaji wa tuzo za Grammy nao wana kanuni yao, inayotaka angalau nyimbo tano zenye jumla ya dakika 15, au dakika 30 bila kujali idadi ya nyimbo.

Kanuni hizi zikiwekwa kando ya muziki wa Tanzania, kasoro zake huonekana mara moja. *I Am Zuchu* ilitoka ikiwa na nyimbo saba, na *First of All* ya Diamond Platnumz, iliyotoka 2022, ina nyimbo kumi, na zote mbili zilitangazwa na wenyewe kuwa EP ingawa kwa kuhesabu nyimbo zingepita kama albamu. Upande mwingine upo muziki wa taarabu ya kisasa, ambamo wimbo mmoja unaweza kuzidi dakika kumi kwa sababu ya beti, viitikio na vipande vya kinanda na gitaa vinavyopewa nafasi ya kutembea, kiasi kwamba kanda ya nyimbo sita ilimtosha msikilizaji kwa saa nzima. Mteuzi anayehesabu nyimbo peke yake huidhulumu taarabu, na anayefuata jina lililoandikwa na msanii huziacha nje kazi mbili zilizoacha alama mwanzoni mwa muongo. Kipimo cha haki zaidi ni muundo: kazi iingie kwenye orodha endapo nyimbo zake zimepangwa kujengana, iwe imeitwa EP au albamu, na itolewe endapo ni ghala la nyimbo zilizokwisha kutoka moja moja.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake kabla ya albamu. Majukwaa kama Spotify huhesabu usikilizaji pale wimbo unapopita sekunde 30, na kwa hiyo takwimu zake hueleza ni mara ngapi wimbo ulianza kusikilizwa kwa muda huo mfupi, lakini hazielezi kama msikilizaji alifika mwisho, wala kama alirudi kwa hiari yake au aliletewa na mashine inayopanga nyimbo. Mteuzi anayechukua takwimu hizo kama ushahidi wa mapenzi hupima umaarufu wa singo mbili au tatu na kudhani amepima albamu. Dawa yake ni jaribio ambalo linaweza kuitwa jaribio la kutoa singo, ambalo humtaka msikilizaji aondoe nyimbo zote alizozifahamu kabla ya albamu kutoka, kisha asikilize zilizobaki na kujiuliza kama bado angeitafuta kazi hiyo.

*Midnight Train* yenye nyimbo 13 hulipita jaribio hili vizuri. Ukiondoa “Suzanna” na “Insecure”, ambazo wasikilizaji walikwisha kuzizoea kabla ya Juni 2020, inabaki “Nenda Lote”, na inabaki “Disco Matanga”, ambayo jina lake limetokana na disko za usiku kwenye matanga ya magharibi mwa Kenya, na ambamo Waafrika Kusini Sho Madjozi na Black Motion wamealikwa bila wimbo kupoteza asili yake. “Rhumba Japani”, iliyowakutanisha wenye albamu na wasanii wa Sol Generation, lebo waliyoianzisha wenyewe, inarudisha kwenye kizazi cha sasa gitaa na mwendo wa rumba ambao Nairobi iliupokea kutoka Kongo miongo mingi iliyopita. Kinachoziunganisha nyimbo hizo ni sauti za waimbaji zinazopandana kwa tabaka, mbinu ambayo kundi hili lilikuwa likiikuza tangu lilipoanza, na gitaa la Polycarp Otieno ambalo huzipa nafasi sauti hizo bila kuzifunika. Albamu hii ilitoka wakati kumbi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na kwa hiyo ilibidi isimame kwa kusikilizwa nyumbani tu, na ilisimama.

*Only One King* ya Alikiba, iliyotoka Oktoba 2021 ikiwa na nyimbo 16, inatoa jibu tofauti. Ni kazi ya msanii aliyekuwa na jina tangu *Cinderella* ya 2007, na imejaa wageni mashuhuri, wakiwemo Sarkodie wa Ghana, Patoranking, Mayorkun na Rudeboy wa Nigeria, pamoja na Sauti Sol. Ushirikiano wa namna hiyo hufungua masoko, lakini unapokuwa mwingi humlazimu mwenye albamu kubadilisha mtindo kila baada ya dakika chache ili kumpisha mgeni, na matokeo yake ni kazi yenye nyimbo nzuri zisizojengana vya kutosha. Nguvu yake kubwa hujitokeza pale Alikiba anapoachiwa uwanja peke yake, kama katika “Utu”, ambamo uimbaji wake wa kuvuta silabi na kuzipindisha, wenye mwangwi wa taarabu, husikika bila kizuizi. Albamu ya nyimbo kumi za aina hiyo ingekuwa mshindani mkubwa wa muongo mzima.

Mpangilio wa nyimbo una uzito wake katika jaribio la pili, ambalo ni kusikiliza kazi kwa utaratibu uliowekwa na msanii kisha kuisikiliza bila mpangilio, na kuangalia kama kuna kilichopotea. Jambo hili si dogo hata kwa wakubwa wa biashara ya muziki, kwani Novemba 2021, Adele alipotoa albamu yake *30*, Spotify ilikubali ombi lake la kuacha kuchanganya nyimbo za albamu kama chaguo la kwanza. *I Am Zuchu* hupoteza kiasi fulani ikichanganywa, kwa sababu “Mauzauza”, wimbo ambao Zuchu ameimba na mama yake Khadija Kopa, gwiji wa taarabu kutoka Zanzibar, hufanya kazi ya kuonyesha chimbuko la sauti inayosikika katika nyimbo nyingine sita, na msikilizaji anayekutana nao kwa bahati tu hawezi kuuona uhusiano huo.

Kipimo kinachofaa muziki wa kuimbwa kinaweza kushindwa kabisa mbele ya singeli, muziki wa kasi kubwa uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kutokana na muziki wa mchiriku na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa. *Mr Mixondo* ya DJ Travella, iliyotolewa mwaka 2022 na lebo ya Nyege Nyege Tapes yenye makao yake Kampala, ni singeli ya ala ambayo haitegemei mashairi hata kidogo, na singeli mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, yaani takriban mara mbili ya mwendo wa nyimbo nyingi za Bongo Fleva. Hapa swali la ujumbe na ufundi wa lugha halina mahali pa kushika, na mteuzi analazimika kusikiliza jinsi vipande vifupi vya sauti vinavyokatwa na kurudiwa, jinsi ngoma zinavyobadilishwa kabla sikio halijachoka, na jinsi kasi ileile inavyoweza kuleta furaha katika wimbo mmoja na wasiwasi katika mwingine. Orodha ya muziki wa Kiswahili wa muongo huu isiyo na singeli hata moja ni pungufu, kwa sababu imekiacha kitu kipya kuliko vyote vilivyobuniwa katika eneo hili.

Baada ya majaribio hubaki kazi ya kupanga. Kupanga kwa nafasi, wa kwanza hadi wa kumi, huficha umbali uliopo kati ya nafasi moja na nyingine. Mbinu bora ilitumiwa kwa miaka mingi na gazeti la Village Voice la New York katika kura yake ya wahakiki iliyoitwa Pazz & Jop, ambamo kila mhakiki aligawa alama 100 kwa albamu kumi, pasiwepo albamu yenye alama zaidi ya 30 wala chini ya 5. Kura za pamoja zina udhaifu wake, kwa kuwa hubadilika kufuatana na wapiga kura: jarida la Rolling Stone lilipokusanya kura upya mwaka 2020, *Sgt. Pepper* ya The Beatles, iliyoongoza orodha yake mwaka 2003 na 2012, iliipisha *What’s Going On* ya Marvin Gaye bila noti hata moja kubadilika ndani ya albamu hizo. Uteuzi wa mtu mmoja hauna tatizo hilo, mradi alama zake zitolewe pamoja na sababu.

Kwa kanuni hiyo ya alama, ikipunguzwa hadi kazi tano zilizotajwa, safu hii inaipa *Midnight Train* alama 30, *Mr Mixondo* 28, *I Am Zuchu* 22, *Only One King* 12 na *First of All* 8. Tofauti ya alama mbili kati ya kazi ya kwanza na ya pili ni ndogo kiasi cha kuweza kugeuka kabla ya muongo kwisha, lakini pengo la alama kumi kati ya Zuchu na Alikiba linatokana na kipimo cha muundo, yaani jinsi nyimbo zinavyojengana, na msomaji anayelipinga anapaswa kuanzia hapo.