Fundi Umeme wa Land Rover Kongwe

Pongezi zangu ni za mafundi umeme wa magari wa Nyakato, Mwanza, hasa wanaokubali kupokea Land Rover ya zamani yenye nyaya zinazoning'inia chini ya dashibodi na soketi zisizojulikana ni za nini. Wengine hukimbilia kukata na kusuka upya. Fundi hasa hufuta uchafu kwanza, atafute rangi za nyaya. Katika mpangilio wa rangi wa Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme wa Uingereza, kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe huamka ukiwasha swichi, kijani imeshapita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi. Kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto. Yenye mstari mweupe, ya kulia. Aliyezoea Toyota ajihadhari: huko ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi, ilhali kwa Lucas waya huo ni wa koili.

Rangi zikififia, hubaki taa ya kupimia na subira, maana unyevu wa ziwa nao huiotesha shaba kutu ya kijani ndani ya plagi. Tena Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifunga ethi kwenye chanya ya betri. Fundi asiyeuliza gari ni la mwaka gani, mimi simpi ufunguo.